Nyuma ya Lipu: Leseni ya Fundi Umeme Inanunua Nini

Mita ya LUKU ndiyo mpaka. Nguzo, waya unaoshuka kutoka kwenye nguzo na mita yenyewe ni vya shirika la umeme, TANESCO, na vikiharibika shirika ndilo linaloitwa. Kuanzia waya unaotoka kwenye mita kuingia ndani, yaani meni swichi, breka, nyaya zilizozikwa ukutani, soketi ya jikoni na taa ya barazani, vyote ni mali ya mwenye nyumba na ni mzigo wake. Hitilafu ikitokea upande huo, fundi wa shirika atapima pale kwenye mita, ataona umeme unafika, atapanda gari lake aondoke, na hatakuwa amekosea.

Kwa hiyo suala la nani alifunga nyaya za ndani ni zito kuliko linavyochukuliwa. Tanzania Bara ina jibu la kisheria. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi ya kufunga mifumo ya umeme ni ya wenye leseni, na anayetoa leseni ni EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, kwa madaraja yanayotofautiana kufuatana na ukubwa wa msongo na aina ya kazi. Zanzibar, ambako umeme si jambo la Muungano, ina shirika lake la ZECO na mdhibiti wake ZURA. Kenya kazi hiyo iko kwa EPRA, na madaraja yake yanapanda kutoka C2 hadi A1. Tena TANESCO haiunganishi nyumba mpya yenye wayaringi mpaka maombi yaambatane na mchoro wa wayaringi na mhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Kwenye makaratasi, basi, hakuna wayaringi halali ambao haukupita mikononi mwa mtu mwenye leseni. Mtaani kila mtu anajua mambo yalivyo.

Ukiuliza leseni ni ya nini, wengi watakujibu kwamba mwenye leseni anajua kazi na asiye nayo anabahatisha. Jibu hilo ni jepesi mno, na yeyote aliyewahi kujenga anajua hivyo. Kijana wa mtaani anayechanja ukuta kwa tindo, akalaza mabomba na kuvuta nyaya za nyumba ya vyumba vinne kwa siku chache, mara nyingi ana mkono safi kuliko mkandarasi mwenye ofisi mjini. Huenda amefanya kazi hiyo miaka kumi chini ya mkandarasi huyo huyo. Soketi zake zimekaa sawa, swichi zimefuata mstari, taa zote zinawaka. Ukiziweka kazi zao mbili kandokando huwezi kusema ipi ya nani.

Hapo ndipo penye shida. Bomba la maji lililoungwa vibaya huvuja siku hiyo hiyo na kumwaibisha fundi mbele ya tajiri yake. Waya uliofungwa vibaya unaweza kuwasha taa miaka mitano bila neno. Ubaya wake hauonekani kwa macho, na kabla hata mwenye nyumba hajahamia umeshafunikwa na lipu na rangi. Kinachoutoa hadharani kabla haujadhuru mtu ni kipimo tu. Na leseni, ukiichambua hadi kiini chake, ni mtu mmoja mwenye jina na namba anayesema: nimepima, na likitokea la kutokea nitafuteni mimi.

Tuanze na soketi, kwa sababu ndicho kitu tunachokishika kila siku. Nyuma yake kuna skrubu tatu ndogo, moja ya laivu, moja ya nyutro na moja ya ethi. Chomeka birika la wati 2,200 upande mmoja wa soketi pacha na pasi ya wati 2,000 upande wa pili, na waya wa laivu utapitisha ampea 18 hivi. Skrubu ikiwa imekazwa barabara, ukinzani pale hauna uzito wowote. Ikiwa imelegea, au imeuma ganda la plastiki badala ya shaba, na ukinzani ukafika theluthi ya omu moja tu, joto linalozaliwa kwenye ncha ile linapita wati 100. Wati 100 za joto, ndani ya kiboksi cha plastiki kilichozikwa ukutani, juu ya waya ambao ganda lake la PVC limeundwa kuvumilia nyuzi 70.

Wengi hudhani breka itaokoa. Haitaokoa. Breka ya ampea 32 inaona ampea 18 na kutulia, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya dhidi ya mkondo uliozidi, na muunganisho uliolegea hauongezi mkondo hata chembe. Unaupunguza kidogo. Dalili atakazoziona mwenye nyumba ni plagi inayotoka ya moto, uso wa soketi unaogeuka rangi ya chai ya maziwa, na harufu ya samaki aliyeoza isiyo na samaki. Moto ukitokea, taarifa itasema chanzo ni hitilafu ya umeme, na jambo litaishia hapo.

Ukubwa wa waya nao una hesabu isiyo na huruma. Joto ndani ya waya hupanda kwa mraba wa mkondo: ukizidisha mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ndiyo maana taa hupewa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko au hita ya kuogea 4 au 6. Hesabu hii haimshindi fundi wa mtaani, anaijua vizuri. Kinachomshinda ni tajiri. Mwenye nyumba ameshanunua roli zake Kariakoo kwa bei ya kutupa, zimeandikwa 2.5 na ndani ni nyembamba, au ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba na hulegea kwenye skrubu kadiri inavyopata moto na kupoa. Kijana asiye na leseni afanyeje? Akikataa kuzivuta, kuna vijana wengine watatu kijiweni wanaosubiri kazi. Mwenye leseni, walau kinadharia, ana kisingizio cha heshima: jina langu ndilo litakaloandikwa, mzee, siwezi. Leseni inampa fundi nguvu ya kumkatalia anayemlipa, na kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya thamani yake yote.

Sasa ethi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nyumba zetu nyingi zimekosewa, na hapa ndipo umeme unapoua.

Nyumba ya kawaida inapokea nyaya mbili kutoka kwenye nguzo, laivu na nyutro. Ethi haiji na shirika. Kila nyumba inachimbia ya kwake: fimbo ya chuma iliyovishwa shaba, ndefu kama mita 1.2, inayogongomelewa ardhini karibu na ukuta na kuunganishwa kwa waya wa kijani na njano hadi kwenye meni swichi. Kwa kuwa fimbo hiyo inauzwa na nondo zimejaa saiti, utakuta kipande cha nondo kimechimbiwa sentimita arobaini na waya umezungushiwa juu kama kamba ya mbuzi. Baada ya mvua za misimu miwili nondo imekula kutu na waya umeshika hewa. Mjini Tanga, Mombasa au Unguja, kwenye upepo wa chumvi, ni haraka zaidi.

Hata fimbo halali haitoshi kwa kuwapo tu. Udongo ndio unaoamua. Fimbo iliyochimbiwa Bukoba kwenye udongo unyevu na ile ya Dodoma kwenye mchanga mkavu wa Septemba ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa zimenunuliwa duka moja. Ya kwanza inaweza kusoma omu chache. Ya pili mamia. Mafundi wa zamani huzungushia mkaa na chumvi shimoni, na inasaidia kwa muda, mpaka mvua iioshe chumvi au chumvi iile fimbo. Bila kipimo hujui uko wapi.

Na mtaani hupimwaje? Fundi anachukua holda yenye balbu ya wati 60, anashika ncha moja kwenye laivu na nyingine kwenye ethi. Balbu inawaka. “Ethi ipo, bosi.” Nimeliona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba linastahili hesabu. Tuseme ethi ile ni mbovu na ina omu 100. Balbu ya wati 60 yenyewe ni kama omu 880, kwa hiyo kati ya volti 230 inapata kama 206 na kuwaka vizuri kabisa. Sasa waya wa laivu uguse bodi la friji. Mkondo unaoingia ardhini kupitia ethi ile ni 230 kugawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya ampea 32 haitashtuka, wala ya 16, wala ya 6. Bodi la friji litabaki na msongo karibu wote wa volti 230, litakaa hivyo usiku kucha, likimngoja mtoto anayetoka kuoga pekupeku kutafuta maji baridi. Mwili uliolowa una ukinzani wa kama omu 1,000; mkondo unaopita ni miliampea 230. Moyo unaweza kuvurugika kwa miliampea 30 tu zikidumu kifuani.

Balbu ilisema kweli kwamba waya umefika ardhini. Haikusema lililotakiwa kujulikana.

Dawa ya ugonjwa huu ipo na si ghali: RCD, kile kifaa cha kwenye meni swichi chenye kitufe kidogo cha kujaribia. Kinalinganisha mkondo unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ikipishana kwa miliampea 30, maana yake kuna unaovujia mahali pengine, na kinakata. Kikiwa kizima kinakata ndani ya milisekunde 300, na mvujo ukiwa mara tano ya hapo ndani ya 40. Uzuri wake ni kwamba kinaisamehe ethi mbovu. Hata kwa fimbo ya omu 200, bodi la friji haliwezi kubaki na zaidi ya volti 6 bila umeme kukatika. Kwa nyumba zinazojitegemea kwa fimbo zao, kama zetu, RCD ndiyo ulinzi wenyewe. Breka ni msaidizi.

Lakini uliza mtaani kwako ni wangapi walikuwa nacho wakakitoa. Hadithi huwa moja: kinakatakata, kinasumbua, chakula kinaharibika kwenye friji, tukamwita fundi akakiruka. Fundi aliyeitwa ana testa ya bisibisi yenye kitaa ndani yake, na testa inamwambia jambo moja tu, kwamba hapa pana moto au hapana. Haimwambii kwa nini RCD inakata. Huenda nyutro na ethi zimegusana kwenye soketi ya sebuleni. Huenda waya umechubuka ndani ya bomba lililoingiwa na maji ya mvua kupitia dari, au panya ameula. Kumtafuta huyo mwizi kunataka kifaa cha kupima uzima wa maganda ya nyaya, mafundi wanakiita mega, kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya zilizozimwa na kusoma kinachovuja. Waya mzima usisome chini ya megaomu 1. Mwenye mega atatenganisha sakiti moja baada ya nyingine hadi aipate iliyooza. Asiye nayo hana njia nyingine ila kukinyamazisha kifaa kinacholalamika. Namuelewa. Simlaumu sana hata. Ila nyumba aliyoiacha ni hatari kuliko aliyoikuta.

Hapa kuna jambo linalogusa mfuko, na pengine litasikika kuliko la moyo. Malalamiko ya “uniti zinakwisha zenyewe” huelekezwa kwa shirika, na mara nyingine kweli mita ndiyo mbovu. Lakini mvujo wa ampea 1 kwenda ardhini, ambao hakuna breka itakayouona, ni wati 230 mchana na usiku. Kwa siku ni uniti 5.5, kwa mwezi 165. Mteja wa kawaida anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, anaimwagia ardhi karibu shilingi 59,000 kila mwezi. Kwa miezi michache tu angeweza kumlipa mkandarasi aje na mega yake.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu, wanaoweka marumaru za Hispania sebuleni, hawamwiti mwenye leseni? Bei ni sababu, lakini naona sababu kubwa zaidi ni jinsi tunavyojenga. Nyumba ya Mtanzania haijengwi, hukua. Mwaka huu msingi, mwakani boma, baada ya mkopo wa chama paa, kisha inasimama miaka miwili. Mabomba ya nyaya hulazwa kabla ya lipu na fundi aliyekuwapo wakati pesa ilipopatikana. Nyaya huvutwa miaka mitatu baadaye na mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza amehamia Kahama. Soketi na taa hufungwa na wa tatu, wiki moja kabla ya kuhamia, akilipwa kwa pointi, yaani kwa kila soketi au taa. Kisha ndipo linapokuja suala la TANESCO na mhuri, na mhuri unatafutwa kwa mtu wa nne ambaye hajawahi kuiona nyumba.

Huyo wa nne ndiye kidonda cha mfumo. Mhuri hukodishwa. Mwenye leseni anatia sahihi kazi asiyoijua kwa malipo, kishoka, yule dalali wa mtaani, anapita katikati akichukua chake, na fomu inaingia shirikani ikiwa safi kuliko nyumba yenyewe. Kisheria kila kitu kimetimia. Kimantiki, ahadi ile ya “nimepima” imeuzwa bila kipimo ndani yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani tatizo litaisha tukiwakamata vijana wa mtaani. Kijana aliyevuta nyaya hakumdanganya mtu. Alifanya alichoambiwa kwa vifaa alivyokuwa navyo. Aliyesema uongo ni mwenye leseni. Mdhibiti akitaka kuanzia mahali, aanzie hapo: achague maombi machache bila kutangaza, ampeleke mwenye mhuri kwenye nyumba aliyoitia sahihi, amwombe aonyeshe meni swichi iko chumba gani.

Inafaa kutazama Uingereza walivyolikata jambo hili, kwa kuwa plagi zetu za pini tatu, nyaya zetu na hata vitabu vyetu vya ufundi vimetoka kwao. Tangu Januari 2005 kanuni zao za ujenzi kwa England na Wales, kipengele P, zimeihusu kazi ya umeme majumbani. Hazikumkataza mwenye nyumba kushika bisibisi. Zilichotaka ni kwamba kazi kubwa ifanywe na fundi aliyesajiliwa anayeweza kuithibitisha mwenyewe, au la itolewe taarifa na kukaguliwa. Mkono wa kazi ukaachwa huru kiasi; kipimo na sahihi vikabanwa. Na mwaka 2020 England ikaongeza kwamba nyumba ya kupangisha ikaguliwe umeme wake angalau kila miaka mitano, na mpangaji apewe nakala ya ripoti.

Hilo la wapangaji lingetufaa sisi kuliko wao. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese au Kawangware hana sauti juu ya nyaya. Chumba kina soketi moja, na kwenye soketi hiyo kuna ekstensheni, na kwenye ekstensheni kuna nyingine, mpaka kwa jirani. Mwenye nyumba yuko mkoa mwingine. Ushauri wa “ajiri fundi mwenye leseni” kwa mtu huyu ni maneno matupu. Anayetakiwa kubanwa ni anayepokea kodi.

Kuna kosa jingine linalofanywa hata na waliomleta mwenye leseni tangu mwanzo, nalo ni kudhani mhuri unadumu. Mhuri unahusu nyumba kama ilivyokuwa siku ile. Baada ya hapo inafungwa kiyoyozi, unaongezwa uani vyumba viwili vya kupangisha, pampu ya kisima inavutiwa waya kutoka soketi ya jikoni. Arusha, Mbeya na Nairobi, ambako asubuhi maji hayashikiki, inafungwa ile shawa inayochemsha maji papo kwa papo. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24, na huungwa kwenye waya wa 2.5 uliokuwa wa soketi, ndani ya chumba chenye maji sakafuni, mtu akiwa uchi. Sijui kifaa kingine cha nyumbani kinachokusanya hatari zote mahali pamoja namna hiyo. Kikifungwa na sakiti yake, waya wa 6, RCD na ethi iliyopimwa, ni salama. Kikifungwa na aliyekiuza dukani kama nyongeza ya bure, ukigusa bomba utasikia mkono unakufa ganzi, na wapo watu wanaoga hivyo kwa miaka wakivaa ndala.

Mzigo huu utaongezeka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na umeme ni sehemu ya safari hiyo; majiko ya presha ya umeme tayari yanauzwa kwa mikopo. Nyumba nyingi zinazopelekewa majiko hayo zilifungwa nyaya za taa tatu, redio na chaji ya simu. Vijijini, ambako REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imefikisha umeme kwa ada ya shilingi 27,000, wengi walianza na UMETA, kile kibodi kidogo chenye breka, soketi na taa kinachomwepushia mwananchi gharama ya wayaringi. Kibodi kilichotengenezwa kiwandani na kujaribiwa ni bora kuliko wayaringi mbovu. Tatizo linaanza pale mwenye nyumba anapotaka umeme ufike chumba cha pili, naye anaita kijana aje na waya.

Jenereta niligusie kwa haraka tu. Ukiliunga kwenye soketi kwa waya wenye plagi za kiume pande zote mbili bila swichi ya kubadilishia, umeme unarudi kwenye laini, unapanda kupitia transfoma hadi maelfu ya volti, na kumkuta fundi wa shirika aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa. Kwa kazi hii nisingependa hata mjadala wa bei uwepo.

Turudi kwa kijana wa mtaani, maana bila yeye hakuna hesabu itakayotimia. Wakandarasi wenye leseni hawatoshi kuvuta nyaya za nchi nzima, na hata wangetosha kazi ya mikono ingefanywa na hao hao vijana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anayejua kazi bila cheti anapimwa, anapewa mafunzo ya pale alipopungukiwa, na kutunukiwa cheti bila kuanza darasani tangu mwanzo. Kwa fundi umeme pengo lake mara nyingi liko palepale tulipokuwa tukizungumzia, kwenye vipimo: kusoma mega, kupima ethi, kujua RCD inakata kwa muda gani. Hayo ni mambo ya wiki, si ya miaka. Kutoka hapo ngazi ya kuelekea leseni inaonekana. Wapo watakaosema vifaa vya kupimia ni ghali kwa kijana anayelipwa kwa pointi, na ni kweli; ndiyo sababu vikundi vya mafundi vingefanya vizuri kununua seti moja ya pamoja kuliko kila mtu kununua drili yake.

Kwa mwenye nyumba, yapo ya kufanya kesho asubuhi bila kusubiri kanuni mpya. Mkandarasi akitajwa, omba namba ya leseni na daraja lake, uliza EWURA au EPRA kama bado iko hai na kama daraja hilo linahusu kazi yako. Mwambie aje wakati mabomba yanalazwa, kabla ya lipu, hata kama wanaolaza ni vijana wake au wako. Akikataa kuja umeshajua unauziwa mhuri. Zuia sehemu ya mwisho ya malipo mpaka siku ya kupima, nawe uwepo. Kisha usikubali kuambiwa “iko sawa, mama”. Namba zinazosomwa na vifaa ziandikwe kwa maka peni ndani ya mlango wa meni swichi: ethi omu ngapi, nyaya megaomu ngapi, RCD milisekunde ngapi, tarehe, na namba ya leseni ya aliyepima. Fundi atakayeitwa miaka sita baadaye kufunga kiyoyozi atafungua mlango huo, apime tena, na aone kama kuna kilichobadilika.